Mbwa Anapokohoa, Hesabu Pumzi Zake

Nimefuga mbwa kwa miaka mingi, na sijaona kitu kinachowatisha wafugaji kama kile kikohozi kikavu kinachozuka ghafla usiku. Mbwa ananyoosha shingo, anakohoa mfululizo kama aliyekwamwa na mfupa, kisha anatema povu jeupe. Wengi hudhani anatapika, au kweli amemeza kitu. Ukitazama hicho kinachotoka ni povu tu na chakula hakimo, basi huenda ni kikohozi cha kuambukizana.

Ugonjwa huu hauna kijidudu kimoja. Kuna bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, kuna virusi vya parainfluwenza, kuna adenovirusi ya aina ya 2, na mara nyingi vinamshambulia mbwa kwa pamoja. Mbwa huambukizwa kwa matone ya kikohozi, kwa kunusana na kwa kunywea bakuli moja, kwa hiyo hutokea zaidi pale mbwa wengi wanapokusanyika. Dalili huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa. Ukitaka kujua ameutoa wapi, rudisha kumbukumbu wiki mbili nyuma. Usijilaumu kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa na mafua. Mafua ya kawaida ya binadamu hayamshiki mbwa.

Sasa nifikie jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: ukali wa sauti ya kikohozi hauonyeshi ukubwa wa hatari. Niliwahi kuwa na mbwa wawili waliougua kwa wakati mmoja. Dume kijana alikohoa hadi nyumba nzima ikakosa usingizi, lakini alikula chakula chake chote, akacheza, na akapona bila antibiotiki. Jike mzee alikuwa akikohoa kidogo tu, tena taratibu. Ila alikuwa akihema haraka hata akiwa amelala. Picha ya eksirei ilionyesha nimonia. Alitibiwa mapema, akapona, na nashukuru mpaka leo kwamba nilitazama mbavu zake na sikutegemea masikio peke yake.

Kuhesabu ni rahisi. Subiri mbwa alale usingizi mtulivu, tazama kifua chake: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Mbwa mzima aliyetulia kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Usihesabu anapotweta kwa joto au baada ya kukimbia, wala anapoota na kurusharusha miguu. Nakusihi uanze sasa, akiwa mzima, ili ujue kiwango chake mwenyewe. Akizidi 30 kila unapohesabu, mpigie daktari wa mifugo. Na ukiona tumbo linavutwa kwa nguvu kila anapovuta hewa, viwiko vimetanuliwa, hataki kulala chini, au ufizi umegeuka kuwa wa bluu au kijivu, usingoje asubuhi.

Kuna vikohozi vingine visivyotokana na ugonjwa huu. Mbwa mzee anayekohoa wiki baada ya wiki achunguzwe moyo. Mbwa wa aina ndogo anayekohoa kila kamba inapomvuta shingo anaweza kuwa na bomba la hewa lililolegea. Makamasi yanayotoka tundu moja tu la pua hunifanya nifikirie kipande cha nyasi kilichonasa au jino lililooza. Lakini ninachokiogopa zaidi ni mtoto wa mbwa asiyechanjwa, mwenye usaha mzito machoni na puani, homa na kuhara. Hiyo inaweza kuwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao baadaye unaweza kuingia kwenye ubongo na kuleta degedege. Huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa, tafadhali usifungue kabati la dawa za watu. Parasetamoli inaweza kuharibu ini la mbwa na kuzifanya chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba oksijeni. Ibuprofeni huleta vidonda vya tumbo na kuua figo. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina sukari mbadala ya zailitoli, inayoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi ya kutisha. Hata mafuta ya kuchua kifua yenye kafuri usimpake, kwa kuwa atayalamba.

Kinachosaidia nyumbani ni pumziko. Mvue ukanda wa shingoni na umfunge ule wa kifuani, maana koo lililowashwa likikandamizwa kidogo tu kikohozi kinaanza upya. Mkalishe bafuni penye mvuke wa maji ya moto kwa dakika 10 hivi, ukiwa naye. Usivute sigara karibu naye. Chakula kipashe moto kidogo kitoe harufu. Pua iliyoziba humkatisha mbwa hamu ya kula kabisa. Mwenye afya njema hupona ndani ya wiki 1 hadi 3, ila mbwa wenye pua fupi, watoto na wazee wasiachwe muda wote huo bila kuonwa na daktari.

Chanjo ya Bordetella, iwe ya matone puani au ya sindano, haizuii kila kikohozi, lakini hupunguza ukali wake. Ile ya sindano huhitaji dozi mbili mwanzoni, kwa hiyo usingoje siku ya kumpeleka kwenye kituo cha kulelea mbwa. Mgonjwa naye akae mbali na wenzake angalau wiki 2, na bakuli lake lioshwe peke yake. Mbwa anaweza kuendelea kumtoa bakteria huyu wa Bordetella kwa wiki kadhaa hata kikohozi kikishaisha. Na kabla hujampeleka kliniki piga simu, useme wazi kwamba anakohoa. Wataweza kumwona akiwa bado ndani ya gari au nje, asiwaambukize mbwa wanaosubiri.