Kabla hujanunua baiskeli ya umeme ya mizigo
Kaka, kwa kusambaza mikate hapa Dar inafaa, ila usinunue kabla hujaisukuma kwa mkono. Zile zenye sanduku mbele, nyingi zinafika kilo 40 au zaidi zikiwa tupu. Chaji ikiisha njiani na kreti zimejaa, utakanyaga pedali mpaka mapaja yatetemeke, na kwenye mchanga utashuka tu. Kuipandisha ghorofani usiku usahau. Chukua yenye betri ya kuchomoa, uilaze ndani, maana wezi wanaipenda sana. Halafu betri yenyewe huchoka: nyingi, baada ya kuchajiwa mara 500 hadi 1,000, hazifiki tena umbali ule wa mwanzo. Muulize muuzaji bei ya betri mpya kabla hujalipa, na kama anayo dukani.