Shangazi, ndiyo, naswali. Na raha ninayo

Shikamoo shangazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeniuliza mambo mawili na umetaka nisikufiche: huku Glasgow bado naswali, na je, nina raha? Najua jibu hili watasomewa wengi hapo Ujiji, kwa hiyo naandika waziwazi.

Pesa kwanza, maana ndiyo inayowachanganya watu. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kilipanda Aprili 2025 kikafika pauni 12.21 kwa saa. Ukigeuza kuwa shilingi unaona utajiri. Ukitoa makato ya serikali, kodi ya chumba, gesi ya kupasha nyumba joto na nauli, kinachobaki ndicho hicho mnachokiona nikituma. Mgongo unauma kwa kuwageuza watu wazima kitandani, na upweke upo. Hayo siyapambi.

Sasa swala. Hapo nyumbani magharibi ni kama saa moja, mwaka mzima haisogei sana. Huku jua lina vituko vyake. Desemba linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi kasorobo jioni limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa chache, na zote ziko katikati ya kazi. Juni linazama saa nne usiku imeshapita, na hata hapo giza haliingii sawasawa, mpaka ratiba za misikiti zinatofautiana kuhusu isha na alfajiri.

Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni hiyo. Zaidi ya saa kumi na nane bila tone la maji, na wazee wanasubiri kuogeshwa, kulishwa, kusikilizwa hadithi zao zilezile. Ni mwezi huo ulionijibia swali lako la pili. Mtume (s.a.w.) amesema mfungaji ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Tulihifadhishwa hadithi hii madrasa, nami kwa akili ya kitoto nikajua furaha ya kufuturu ni uji wa pilipili manga na tambi za nazi. Mwaka ule sikuwa na uji wala wa kufuturu naye. Nilikuwa na tende na maji ya bomba kwenye chumba cha wafanyakazi, na furaha ikaja vilevile, pengine kuliko ya uji.

Nimefikiri sana kwa nini. Hapo Ujiji ningekula mchana angeniona jirani, na kabla ya jioni ungekuwa umeshapata habari, na mkono wako naujua. Huku nisiposema, hakuna anayejua nimefunga. Nikila hakuna wa kuniuliza, nikivumilia hakuna wa kunisifu. Basi jua linapozama najua kwamba ile siku nzima sikumfanyia mtu. Na hilo linanipa nguvu ya kuamka kesho yake, nguvu ambayo mshahara haujawahi kunipa.

Usidhani najitesa. Siku za udhuru nilikula na baadaye nikalipa. Wapo huku wanaoumwa na bado hawataki kufungua, wakidhani ndiyo uchamungu. Mimi sioni hivyo. Aya ileile ya funga, Al-Baqara 185, inamruhusu mgonjwa na msafiri alipe siku nyingine, na inasema Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi wala hatutakii mazito. Kupokea ruhusa yake nako ni kumtii.

Panaponiuma ni kwenye nyumba. Wenzangu niliokuja nao wamenunua kwa mikopo ya riba, mimi bado napanga. Benki za Kiislamu zipo Uingereza, lakini zinataka utangulize fedha nyingi kwa mtu wa kipato changu. Siwezi kukudanganya kwamba kila mwisho wa mwezi nalipa kodi nikicheka. Ndiyo maana nikisikia mtu anahubiri kwamba ukimtii Mungu utatajirika, nazima simu. Mimi nimetii na bado napanga. Ila deni la kuninyima usingizi sina.

Watu wa hapa hawajanibughudhi, na wengi wao hawana dini kabisa. Msimamizi aliuliza swala inachukua muda gani, nikamwambia dakika saba hivi, akanionyesha chumba cha kuwekea mashuka. Tumepatana pia: Krismasi nashika zamu mimi, Idi wananishikia wao. Kuna bibi mmoja Mkristo ninayemhudumia, husoma Zaburi kila jioni. Akiniona nimekawia huniuliza, "Leo Mungu wako hujamsalimia?" Yeye ndiye wewe wangu wa huku, kasoro mkono.

Kuhusu mwanao kutaka kunifuata. Tangu Julai 2025 Uingereza haipokei maombi mapya ya viza ya wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi. Yeyote anayemwambia atoe mamilioni afanyiwe mpango wa kazi kama yangu, ni tapeli. Asiuze mashine ya mtumbwi. Akipata njia nyingine ya halali nitampokea, chumba changu ni kidogo lakini tutabanana. Ila aje na saa ya kumwamsha alfajiri, maana huku adhana haisikiki mtaani, na mimi muda huo nitakuwa zamu.