Mti wa brashi una majani ya njano na hautoi maua

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mti wa brashi, ule wa maua mekundu, mbele ya nyumba yangu hapa Ngaramtoni, Arusha. Una miaka minne. Majani machanga yanatoka ya njano, ila mishipa yake inabaki kijani. Nimeweka yurea mara mbili, wapi. Maua ni mawili matatu tu. Namwagilia maji ya kisima kirefu, na kijana wa bustani huunyoa kila mwezi ili uwe duara. Mdogo wangu yuko Moshi, miche tulinunua pamoja, wake umejaa maua. Niweke mbolea gani?

JIBU: Nzuri, dada. Kwanza acha yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni. Naitrojeni ikipungua, njano huanzia kwenye majani ya zamani, kwa kuwa mmea huihamisha kutoka jani kuukuu kwenda jani changa. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo. Yakikosekana, linaloumia ni jani linalochipua sasa, na mishipa yake hubaki kijani kama ulivyoeleza. Mti wako umekosa chuma.

Hata hivyo, udongo wetu wa volkano una chuma tele. Shida ni kwamba pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo ambacho kikiwa chini ya 7 udongo una tindikali, ikipanda kupita 7, chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kukifyonza. Mti wa brashi, Callistemon, asili yake ni Australia na hupenda udongo wenye tindikali kiasi, pH kati ya 5.5 na 6.5.

Ninachoshuku mimi ni kisima. Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yanajulikana kwa floraidi, ile inayotia meno ya watu wetu rangi ya kahawia, lakini mengi yana pia bikaboneti ya sodiamu, jamaa ya magadi. Ukiyamwagilia kiangazi chote, pH ya udongo inapanda taratibu. Mdogo wako huenda anatumia maji ya chemchemi za Kilimanjaro, ambayo mengi hayana mzigo huo. Angalia pia kama mti uko karibu na ukuta mpya: mabaki ya saruji na chokaa hufanya vivyo hivyo. Na majivu ya jikoni yasimwagwe hapo, hata kama jirani anayasifia.

Kabla ya kununua chochote, pima pH ya udongo. Ikizidi 7, changanya salfa ya unga, ile wanayopulizia mikorosho kule kusini, gramu 50 kwa mita ya mraba, uifukie juu juu chini ya kivuli cha mti bila kukata mizizi. Bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na kazi hiyo huchukua miezi, tena udongo ukiwa na unyevu. Baada ya miezi mitatu pima tena kabla ya kuongeza. Funika udongo kuzunguka shina kwa matandazo ya maganda ya kahawa, yasiguse gome. Maji ya mvua ya masika na vuli yakinge kwenye simtanki, na mti huu uwe wa kwanza kuyapata.

Ukitaka nafuu ya haraka, nunua chuma cha aina ya EDDHA, yaani kilichofungwa kwa kemikali inayokilinda hadi mizizi ikifyonze. Aina nyingine, EDTA, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, huachia chuma chake pH inapokuwa juu, na pesa yako inapotea. Mbolea ya DAP usiweke, kwani ina fosforasi, na fosforasi nyingi huzidisha tatizo.

Maua ni kesi nyingine, na mshtakiwa ni mkasi. Brashi hutokea kwenye ncha ya tawi, kisha tawi huendelea kukua kupitia katikati ya ua lilelile na kuweka majani mbele yake. Kijana akinyoa kila mwezi, anakata ncha kabla hazijakomaa kutoa maua. Mwambie asubiri mti umalize kuchanua, akate nyuma kidogo ya ua lililonyauka, kabla vile vitufe vigumu vya mbegu havijakaza. Duara utalikosa, lakini ndege chozi watakuja.

Usiyahukumu majani yaliyokwisha kuwa njano, tazama machipukizi mapya. Pima pia maji ya kisima. Na kama pH ya udongo itaonekana ni 6, salfa usiweke kabisa: chimba pembeni uone kama maji yanatuama mizizini, maana mizizi iliyokosa hewa nayo hushindwa kufyonza chuma.