Kwa nini binti yako sasa anajiita Mweusi

Dada, umeuliza imekuwaje binti yako, chotara aliyekulia Ngamiani hapa Tanga watu wakimwita Mwarabu, afike chuo Marekani kisha aseme yeye ni Mweusi. Hajamkana babake. Kule rangi ilipangwa kwa sheria: Virginia, mwaka 1924, tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumtoa mtu kwenye Uzungu. Ndoa za rangi mbili zilikuwa kosa la jinai, na Mahakama ya Juu ilipozihalalisha mwaka 1967 majimbo 16 bado yalikuwa na marufuku hiyo. Fomu ya sensa ilianza kumruhusu mtu kuchagua zaidi ya rangi moja mwaka 2000. Juzi tu hapo!

Sasa fikiria mlinzi wa bweni anamdai yeye kitambulisho, mwenzake Mzungu anapita tu. Kila wiki anaulizwa, "Wewe ni nini hasa?" Weusi nao wengine wanampima kwa nywele na lafudhi. Chotara mwingine hushika upande unaompokea, mwingine husema "mimi mchanganyiko" na hapo hapo habanduki, mwingine hubadilika kulingana na aliokaa nao.

(Nasi Tanga tusijitie usafi. Enzi za Mwingereza shule ziligawanywa kwa rangi, na neno chotara mpaka leo wapo wanaolitamka kwa mdomo uliopinda.)

Ukimpigia, usianze na "wewe si Mweusi". Muulize kwanza huko wanamwitaje.