Soya yangu imekuwa njano

Swali: Shikamoo mtaalamu, niko Muheza, nimelima soya mara ya kwanza majani yamekuwa njano na hela ya urea sina. Jirani anasema kuna bakteria wa kupaka mbegu, kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, wanaitwa raizobia, wanakaa kwenye vinundu vya mizizi wanavuta naitrojeni ya hewani, chakula kilekile cha kwenye urea kinachofanya majani yawe kijani, wanaupa mmea, ila soya inachagua, shamba ambalo halijawahi kulimwa soya mara nyingi halina wa kwake. Chimbua mche mmoja taratibu, pasua kinundu kwa kucha, ndani kikiwa chekundu wanafanya kazi, kikiwa cheupe bado. Msimu ujao paka mbegu kivulini upande siku hiyohiyo, jua la kwetu linawaua jamani!