Barua kwa mwanangu Zuhura: huyo mshauri wa fedha, analipwa na nani?

Wete, Pemba

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sote wazima, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema kuna mshauri wa fedha kaja hapo hotelini Paje, anataka umlipe akupangie mambo yako, nawe unaniuliza: "Baba, mtu huyu ana faida gani, au ni kumlipa mtu anihesabie pesa nilizokwisha kuzihesabu mwenyewe?"

Faida anayo, na mimi nimeijua kwa kuikosa.

Nilipostaafu ualimu nikapokea kiinua mgongo, sikumuuliza mtu. Nusu niliitia kwenye nyumba, nusu nikanunua gari ya abiria, mtumba. Mwaka haujesha, injini ikafa, na nyumba ikasimama kwenye lenta. Zile nondo zilizochomoza juu, zilizoshika kutu, ndizo hizo. Baadaye sana rafiki yangu mmoja mhasibu alikaa nami barazani, akafungua daftari, akaniuliza: "Mwalimu, gari ikilala siku kumi kwa mwezi, tairi na dereva ungewalipa kwa pesa gani?" Sikuwa na jibu. Na swali lenyewe wala halikutaka elimu kubwa. Lilitaka mtu asiyeipenda ile gari kama nilivyoipenda mimi.

Kazi ya mshauri mzuri ni hiyo, kukuuliza mapema. Ataanza na kinachoingia na kinachotoka, kisha madeni, kisha kile unachokitaka miaka kumi mbele. Wewe umekulia kwenye karafuu, unajua. Mwaka wa mavuno makubwa majamvi yanajaa mpaka kando ya barabara, watu wanaoa, wanabadilisha mabati. Mwaka unaofuata mikarafuu inapumzika, na watu wale wale wanaandikwa kwenye daftari la deni dukani. Hoteli yenu nayo ni mkarafuu. Julai na Agosti mnapata tipu, Disemba mnapata tena, halafu masika yanaingia na vyumba vinabaki vitupu. Ukiweka shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi saba ya wageni, una 700,000. Zigawe kwa miezi mitatu ya ukame, ni zaidi ya 233,000 kila mwezi, na hukumgongea mtu mlango. Mshauri asiyekuuliza kuhusu masika, hakujui.

Sasa nakwambia jambo ambalo najua utaona haya kumwambia. Sisi tumo kwenye hesabu yako. Unachotuletea mimi na mama yako, ada ya mdogo wako, mchango wa harusi na wa msiba, yote mwandikie kwa kiasi chake cha kweli. Ukimficha hayo atakupangia maisha ya mtu asiye na ndugu, na mwezi wa pili tu utaupasua mpango wake. Na akikwambia kiasi unacholeta nyumbani kinakuelemea, niambie. Sitachukia. Afadhali nipokee kidogo kila mwezi kuliko kusikia umekopa ili uniletee mimi.

Mwambie pia tangu mwanzo kwamba riba huitaki. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma za benki za Kiislamu tangu 2011, kwa hiyo asikwambie njia hakuna. Zaka nayo iingie kwenye mpango, ile asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kutimiza mwaka. Halafu ahakikishe hoteli inapeleka kweli michango yako ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, maana mfuko ule upo tangu 1998 na bado wapo watu wanaokatwa mshahara, wakienda kuuliza hawakuti kitu. Taarifa yako kaichukue mwenyewe.

Swali la kumuuliza kabla hujatoa hata shilingi: nani anakulipa? Yupo anayelipwa na wewe, kwa kikao au kwa mpango mzima, na unakijua kiasi. Yupo mwingine anayekwambia ushauri ni bure, kumbe anapata kamisheni kwa kila bima anayokuuzia. Huyo wa pili anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mkono mmoja umeshikwa na kampuni. Uingereza walipiga marufuku kamisheni za namna hiyo kwenye ushauri wa uwekezaji tangu mwisho wa 2012. Kwetu uliza, tena akujibu kwa maandishi. Anayeshauri uwekezaji awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na wakala wa bima awe amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Akikuahidi faida kubwa isiyo na hasara, au akitaka pesa zako zipitie kwenye simu yake, nyanyuka. Mshauri anashauri, pesa zinakaa kwa jina lako.

Mirathi asikugawie yeye, hiyo ina wenyewe. Lakini anaweza kukusaidia kuandika unachomiliki na unachodaiwa. Babu yako alifariki tukakaa miezi tukiulizana nani anamdai, na deni linatangulia kabla ya mrithi yeyote.

Idd ukija, chukua slipu zako tatu za mwisho za mshahara na daftari jipya. Usimlipe mtu bado. Tutakaa barazani, nikuoneshe hesabu ya ile gari, yote, mpaka ile sehemu ambayo hata mama yako sijawahi kumwambia.

Baba yako