Muulize Karani: Mombasa ya Sasa, Tukae Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za Mombasa. Nimezipanga juu ya meza nikaziona zote ni swali moja lililovaa nguo tofauti: mji umepambwa, haya, sisi tufanye nini nao? Nilihesabu shehena bandarini Kilindini miaka 31, na tangu nistaafu kazi yangu ni kukaa. Kwa hivyo majibu yangu yana kipimo cha mtu wa kukaa. Pana kivuli? Pana pa kuegemea? Kuna mtu atakayekuja kuniambia niondoke?

Shikamoo Mzee. Mwezi ujao namleta mama Mombasa. Ana miaka 71, goti linamsumbua, na aliishi Majengo akiwa msichana. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Tuna siku moja na nusu tu. Nianze wapi? — Mama Wawili, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Usianze Majengo. Atatafuta nyumba za udongo na makuti, atakuta maghorofa, na siku nzima itaishia katika kuguna. Mngoje aombe mwenyewe.

Anzeni Ngomeni saa mbili asubuhi, jua halijakaza. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira miezi 33 mpaka wakaitwaa 1698, kisha Waingereza wakaifanya jela. Marehemu babangu hakupenda kupita pale. Wafungwa waliondolewa 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960, UNESCO wakaitia katika urithi wa dunia 2011, na yeye mpaka anakufa aliita "kule jela". Watoto wapeleke kwenye ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno, ya makaa na udongo mwekundu. Waambie watu wazima pia huchora kutani wakichoka. Mama mtafutieni kivuli uani apigwe na upepo wa bahari. Upande wa majini chini ya ngome siku hizi kuna ukuta mpya wa kuzuia mawimbi, maana bahari ilikuwa inakula mwamba wenyewe taratibu.

Ndia Kuu inaanzia pale pale, lakini kwa goti lile chukueni tuktuk. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie dereva aende polepole mpate kuona milango na roshani. Mwishilize Biashara Street. Hapo ndipo mama yako atakapopona goti ghafla. Akae ndani ya duka la leso, afunguliwe doti moja baada ya nyingine, na muuzaji amsomee majina, ile misemo iliyoandikwa juu ya leso. Duka la Mali ya Abdulla limeanza 1887, na bado mtu huingia akauliza, "Mna jina gani jipya?" kama anayeuliza habari ya mjini. Asinunue rangi, anunue jina. Na asiondoke na doti zima lisilokatwa. Mafundi wa cherehani wako barazani nje, wanakata na kupinda ukisubiri. Ukitaka bizari za pilau, soko la Marikiti ni hatua chache, ila watoto washike mikono, mikokoteni ya pale haina breki wala huruma.

Mchana laleni. Nasema kweli, laleni.

Baada ya alasiri nendeni Mama Ngina, bustani ya ukingoni mwa bahari. Pametengenezwa upya 2019 na mimi nilikuwa miongoni mwa walionuna, nikidhani watatuwekea geti na bei. Nimekula maneno yangu pamoja na muhogo. Viti vya mawe vipo vya kutosha, ila kabla ya saa kumi vinaunguza, mje na leso mpya ya kutandika. Mibuyu ya kale imebaki. Nunueni mihogo iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inakaangwa mbele yenu na kunyunyiziwa pilipili na ndimu, na madafu ya kuzima huo moto. Kisha mngoje meli. Mlango wa Kilindini ni mwembamba pale; meli ya makontena ikiingia hupita karibu hata mtoto atampungia baharia mkono, na baharia atajibu. Nimezihesabu meli maisha yangu yote kwenye makaratasi, lakini raha ya kuzitazama nimeijua nikiwa na mvi, nimekaa pale.

Nusu siku iliyobaki ni ya watoto: Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, shimo jeupe lisilo na jani. Walianza kwa kupanda mivinje, kwa kuwa mvinje hauchagui udongo, kisha wakaleta majongoo yale makubwa ya miguu myekundu wale majani makavu yageuke mbolea. Msitu wote ule umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Wa miaka sita atalipenda hilo kuliko Wareno. Mkubwa mhadithie Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya 2004, akaletwa pale akamfanya kobe mzee kuwa mlezi wake.

Tumebishana kazini mpaka soda zimewekwa rehani. Zile pembe kubwa zilizopita juu ya barabara ya Moi Avenue ni za ndovu kweli? — Wabishi, Changamwe

Ndovu mwenye pembe zile angeinywa Kilindini kwa pumzi moja. Ni alumini. Ziliwekwa miaka ya 1950, barabara ikiitwa Kilindini Road, kupamba ziara za jamaa wa kifalme kutoka Uingereza. Aliyesema zinaandika herufi M naye apewe soda.

Mzee, nyumba ya babu Kibokoni tuliipaka nyeupe na buluu kama tulivyoagizwa. Kila mwaka rangi inatoka magamba. Fundi anasema ni chumvi ya bahari, tupake tena. — Mjukuu, Kibokoni

Fundi wako na wangu wamesoma chuo kimoja.

Agizo la nyeupe na buluu lilitoka kaunti 2018. Weupe si mgeni kwetu, nyumba zetu zilikuwa nyeupe za chokaa kabla hatujajua rangi ya kopo. Tatizo ni kile kilichomo ndani ya kopo. Nyumba ya babu yako ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na boriti za mikoko. Ukuta ule unapumua. Unyevu hupanda kutoka chini, ukatokea kwenye chokaa, ukakauka na upepo. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta au lipu ya saruji, maji yanakosa mlango.

Mimi nilitiwa mjini na fundi mmoja nisiyemtaja, kwa sababu bado tunaswali safu moja. Alinihakikishia rangi ya mafuta "inadumu miaka kumi". Ilipofika masika ukuta ulivimba malengelenge makubwa kama chapati juu ya chuma. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiko cha mkono. Nilisimama pale na shati limelowa, mke wangu dirishani akicheka mpaka akakaa chini.

Fanyeni hivi. Kwangueni mpaka mfikie lipu ya zamani. Acheni ukuta wazi wakati wa kaskazi, ukauke kwelikweli, msiwe na pupa. Penye matundu zibeni kwa chokaa na mchanga, si saruji. Halafu pakeni chokaa iliyochujwa, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kwanza. Buluu iwekeni kwenye mbao za madirisha. Na kabla hamjagusa mlango wa nakshi au roshani, piteni ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, maana eneo lote linalindwa kisheria. Chokaa nayo huchujuka, mtarudia baada ya miaka michache, lakini mtarudia kupaka, hamtarudia kujenga.

Nimehamia Kuze kikazi kutoka Nyeri. Kila jioni nawapita wazee kwenye baraza wakinywa kahawa. Nasalimia, naenda zangu. Mtu huingiaje pale? — Jirani Mgeni

Umeshaingia nusu, kwa kuwa unasalimia. Wengi hupita wakitazama simu.

Nenda baada ya isha, ndio wakati. Toa salamu moja ya wote, usiwape mkono mmoja mmoja ukavuruga dhumna. Kaa ukingoni. Pale katikati, penye jiwe lililong'aa kwa kukaliwa, pana mwenyewe, hata kama hajafika. Muuza kahawa atapita na dele lake la shaba, makaa chini, akigonganisha vikombe mkononi. Chukua kahawa tungu, haina sukari, ina tangawizi, usikunje uso. Utamu uko kwenye kashata au tende. Ukimaliza, lipia na wa kulia na wa kushoto wako bila kutangaza. Siku tatu za kwanza sikiliza tu. Watazungumza bei ya samaki changu, mpira wa Uingereza, na meli iliyokaa nje siku nne. Siasa wataianza wao. Siku ya nne mmoja atakuuliza, "Kwani weye ni wa wapi?" Hapo ushapata jiwe lako.

Ila nikwambie na uchungu wangu. Mabaraza yanapungua. Lililokuwa mlangoni kwa jirani yangu, ambalo nilikalia tangu kaptura, lilivunjwa apate kuweka mlango wa chuma wa ghala. Sasa tunakalia kreti za soda. Na baraza tangu hapo ni la wanaume. Mke wangu hajawahi kunywa kikombe pale miaka yote. Ndiyo maana Mama Ngina imenishinda kuisema vibaya. Jumapili magharibi utaona wanawake wa mabuibui wametandaza mikeka, vikapu wazi, chai kwenye chupa, na hakuna anayewauliza wamekaa hapo kwa idhini ya nani. Mke wangu naye ana mahali pake pale, chini ya mbuyu wa pili. Mimi ndiye ninayekaa ukingoni.

Mahamri na mbaazi bora za Mji wa Kale ni wapi? — Mlafi, Tudor

Jina silitoi. Nikilitoa nitapanga foleni nyuma yako. Nakupa alama: mlango wa kijani, hakuna kibao, na watoto wamesimama nje na mabakuli yenye vifuniko wametumwa na mama zao. Nenda kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili utakuta karai linaoshwa.